Hodi kwa Mama Kilduff

"Ile nyumba ya mwisho niachie mimi," alisema Mwalimu Honor, akifuta miwani yake kwa ncha ya skafu. "Wewe rudi garini ukajipashe joto."

Dervla alitikisa kichwa. Mvua ya Machi ilikuwa imemlowesha tangu saa nne asubuhi, viatu vilimlia kila alipopiga hatua, na karatasi za sahihi alikuwa amezikumbatia ndani ya koti kama mtoto mchanga. Walikuwa wamebisha hodi kwenye nyumba kumi na tisa za barabara ile ipitayo kando ya kinamasi. Nyumba sita walitia sahihi. Nyumba nane hawakufungua. Zilizobaki walifungua, wakasema yao, wakafunga. Mzee mmoja alimwambia Dervla kwamba msichana mwenye sura kama yake angekuwa na mume, angekuwa na kazi ya kufanya Jumamosi.

"Najua ni nyumba ya nani, Mwalimu."

"Na mimi najua kwamba unajua. Ndiyo maana nasema rudi garini."

"Nataka kumwona mama yake Fintan. Nimwone tu. Miezi minne napendwa kwa kificho kama mali ya wizi. Nimechoka."

Mwalimu Honor Tuohy alimtazama kwa muda. Alikuwa amestaafu ualimu, mjane, mwanamke wa maneno machache, na ndiye aliyeanzisha kikundi chao cha kujitolea pale Clonbrack, mji mdogo katikati ya Ireland. Walikuwa watu kumi na mmoja, hakuna aliyelipwa. Kila Jumamosi walizunguka kuzungumza na watu kuhusu mabadiliko ya tabianchi na kukusanya sahihi za ombi moja kwa baraza la kaunti: kinamasi kikubwa kisikaushwe tena, kirudishiwe maji yake, kwa sababu kikikauka hutoa hewa inayozidi kuipasha dunia joto, na familia zinazokitegemea zitafutiwe kwanza kazi na njia nyingine ya kupasha nyumba zao joto. Lilikuwa ombi jepesi kusomeka. Lakini katika nyumba zile watu walichoma matofali ya udongo mweusi wa kinamasi tangu enzi za mababu wa mababu zao, na mamia walikuwa wamekula jasho lao pale mpaka mashine za kuuchimba ziliposimamishwa.

"Haya," alisema Mwalimu. "Dakika kumi. Nikisikia kelele nakuja."

Dervla alivuka barabara. Moyo ulimwenda mbio kuliko siku aliyofanya mtihani wake wa mwisho wa ufamasia.

Fintan Kilduff alikuwa ameingia maishani mwake mwezi Novemba, kupitia mlango wa duka la dawa alikofanya kazi. Alikuja kuchukua vidonge vya presha vya mama yake. Kesho yake akarudi kununua plasta. Keshokutwa akarudi tena kununua plasta.

"Kwani una vidole vingapi wewe?" Dervla alimuuliza.

"Kumi. Lakini nikikutazama nasahau ninachokata."

Dervla alicheka mpaka mteja aliyekuwa nyuma akakohoa. Tangu siku ile walikuwa wawili. Fintan aliendesha lori la kukusanya maziwa mashambani, na Jumamosi alizokuwa na nafasi alimpeleka Dervla kwenye barabara za kubisha hodi, akamsubiri na chupa ya chai ya moto. Ila gari aliliegesha mbali daima, nyuma ya ua wa kanisa au kwenye kona ya miti, asionekane. Nyumbani kwao alisema anakwenda mpirani.

"Baada ya Krismasi nitamwambia mama," alisema. Krismasi ikapita. Kisha ikawa baada ya misa ya kumbukumbu ya baba. Kisha baada ya Pasaka.

Mlango ulifunguliwa kabla Dervla hajabisha mara ya pili. Alisimama mwanamke mfupi, mikono ya sweta ameikunja, unga umemjaa viganjani.

"Kama ni dini, nina yangu," alisema Mama Kilduff. "Kama ni bima, sina cha kuungua."

"Si dini wala bima, mama. Naitwa Dervla, natoka mjini. Nilitaka kuzungumza nawe kuhusu kinamasi."

Uso ule ukajifunga. Dervla alisubiri mlango nao ufungwe. Lakini macho ya Mama Kilduff yalishuka mpaka kwenye viatu vyake, yakaona maji yanavyotiririka kutoka kwenye koti, yakapanda tena.

"Ingia. Sitaacha mtoto wa mtu afe kwa nimonia mlangoni kwangu, halafu nikamweleze nini padri? Lakini nakwambia mapema: sitii sahihi."

Jikoni kulikuwa na joto lililomfanya Dervla atake kulia. Matofali meusi yaliwaka taratibu ndani ya jiko la chuma, na harufu yake, ile ya moshi na udongo, ilikuwa harufu ya shati la Fintan. Mama Kilduff alimvua koti bila kumwomba ruhusa, akalitundika, akammiminia chai nyeusi na kumkatia mkate wa moto.

"Paka siagi. Paka, usiogope, huko mjini mnakula kama ndege." Akaketi mbele yake. "Haya, sema uliyotumwa."

"Sikutumwa, mama. Najitolea."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi. Aliyetumwa unaweza kumsamehe."

Dervla alitabasamu, kisha akaona picha ukutani: kijana mwenye kofia ya kazi, amesimama juu ya mashine kubwa, nyuma yake kinamasi cheusi hadi upeo wa macho. Alikuwa na kidevu cha Fintan. Alijua ni nani. Hata hivyo aliuliza, akajichukia kwa kuuliza.

"Huyu ni mwanao?"

"Cathal. Mkubwa wangu." Sauti ya mama ilishuka. "Marehemu mume wangu aliendesha mashine kule miaka thelathini na mmoja. Cathal akaingia ana miaka kumi na minane, mashine ileile, kiti kilekile. Siku kampuni ilipofunga machimbo walimpa barua na kumpa mkono. Basi. Miezi sita akazunguka humu ndani kama mgonjwa. Kisha akapanda ndege kwenda Australia. Alisema mwaka mmoja."

"Ni mingapi sasa?"

"Mitano. Nina mjukuu huko, wa miaka mitatu. Ananipungia mkono kwenye simu." Akakwangua unga uliokauka kidoleni. "Sijawahi kunusa kichwa chake."

Dervla aliweka kikombe chini.

"Pole sana, mama. Sisi hatutaki mtu mwingine aachwe vile. Kwenye ombi letu tumeandika kazi za watu kwanza, kabla ya..."

"Mlikuwa wapi miaka mitano iliyopita na karatasi yenu?"

"Nilikuwa nyumbani," alisema Dervla polepole. "Nilikuwa nasoma habari zote hizi, na naogopa kubisha hodi kwa watu."

Mama Kilduff alimkazia macho, halafu akacheka, kicheko kifupi cha ghafla.

"Angalau wewe husemi uongo."

Maneno yale yalimchoma Dervla kuliko mvua ya asubuhi nzima. Alifungua mdomo aseme kila kitu. Lakini mama alikuwa ameshaanza jambo jingine, anamwongezea chai.

"Umeolewa?"

"Bado."

"Unaona! Msichana wa kutembea kwenye mvua kwa jambo analoliamini, hata kama ni jambo la kipumbavu, huyo ndiye wa kuoa. Nina mdogo wake Cathal hapa. Fintan. Ningekukutanisha naye, ila ana mtu."

"Ana mtu?" Sauti ya Dervla ilitoka nyembamba.

"Hajasema. Lakini mimi si mjinga. Tangu Novemba anapiga mbinja bafuni. Mwanamume mzima, mwenye sauti ya kufukuza kunguru! Mpirani anakwenda, matokeo hayajui. Ana mtu, na hamleti." Akageuka kutazama jikoni kwake, dari yenye alama za moshi, viti visivyofanana. "Nadhani ananionea haya. Labda ni binti wa watu wakubwa."

"Hapana!"

Mama Kilduff aliinua nyusi.

"Namaanisha... hakuna mtoto anayeweza kumwonea haya mama kama wewe."

Nje gari lilisimama. Hatua zilikuja haraka kwenye changarawe, mlango wa nyuma ukasukumwa, na Fintan akaingia akipangusa maji usoni.

"Mama, mkate unanukia mpaka..."

Aliishia hapo. Macho yao yalikutana juu ya meza. Dervla alimtazama kwa macho yaliyosema kila kitu: Sema sasa. Sema tu jina langu. Nitashika mkono wako, tutagombezwa pamoja.

"Fintan, huyu ni Dervla," alisema mama. "Mmoja wa wale wa kinamasi, Mungu amsamehe, lakini ni mtoto mzuri. Wa mjini. Mnafahamiana?"

Saa ya ukutani ilisikika. Wekundu ulimpanda Fintan shingoni hadi usoni, ukarudi.

"Hapana," alisema. "Sidhani. Labda nimemwona mjini."

Akavuka jikoni, akanyoosha mkono. Ule mkono ambao Dervla alijua kila kovu lake, uliowahi kumshika uso kama kitu cha kioo.

"Nimefurahi kukufahamu," alisema Fintan.

Dervla aliupokea. Alijisikia akisema asante kwa chai, akisema mkate ulikuwa mtamu, akivaa koti ambalo halijakauka. Mama Kilduff alimfunga kifungo cha juu kama anayempeleka mtoto shule.

"Nitamsindikiza mpaka getini," alisema Fintan. "Mbwa asimsumbue."

Mbwa alikuwa amelala chini ya meza.

Walitembea hadi getini. Huko mbali taa za gari la Mwalimu Honor zilimulika mvua.

"Ulikuja kufanya nini?" Fintan aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kukusanya sahihi."

"Dervla, usinifanyie hivyo."

"Nimekufanyia nini? Nimekunywa chai. Nimesikia habari za Cathal. Nimesikia kwamba unapiga mbinja bafuni."

"Ungeniambia kwanza!"

"Ili ukimbilie wapi?"

Fintan alishika lango kwa mikono miwili. "Hujui hali ilivyokuwa Cathal alipoondoka. Mama alikaa siku tatu bila kuwasha moto. Siku tatu, mwezi wa Januari! Nilimkuta amevaa koti la baba, amekaa kwenye giza. Niliapa sitamletea jambo jingine la kumuumiza."

"Na mimi ndilo hilo jambo."

"Si wewe. Karatasi hizo. Hujui zinavyosomeka mle ndani."

"Najua sasa. Amenieleza mwenyewe, na hakunifukuza."

"Kwa sababu hajui wewe ni nani!"

"Na nani amesababisha asijue?"

Mvua ilimtiririka Fintan kwenye kope, na Dervla alitamani kumpangusa, hata saa ile, hata baada ya yote. Ndilo lililomuuma zaidi, kwamba mkono wake ulikuwa umeshaanza kuinuka.

"Sikiliza, mpenzi," alisema Fintan. "Acha kubisha hodi mpaka kiangazi. Ule mkutano wenu na madiwani Jumapili ijayo, mwache Mwalimu azungumze. Nitakuleta kwa mama kama mfamasia tu, mtu wa kawaida. Akishakupenda, hayo mengine tutamwambia kidogo kidogo."

"Unataka kumletea mama yako nusu ya mtu."

"Nataka tuwe pamoja!"

"Mimi pia. Nimetaka hivyo tangu plasta ya pili." Sauti ilimkatika, akaikusanya. "Sikukuomba umwambie kwamba niko sawa na yeye amekosea. Wala sikukuomba utie sahihi. Nilikuomba useme unanifahamu, Fintan. Neno moja. Ukanipa mkono kama muuza bima."

"Niliogopa."

"Niliona."

"Nipe muda."

"Nilikupa. Ulipofika mwisho wake ukaniambia umefurahi kunifahamu." Alifungua lango mwenyewe. "Rudi ndani. Na umwambie mama yako kwamba humwonei haya."

Fintan alishtuka. "Nani amesema namwonea haya?"

"Yeye. Anadhani hunileti kwa sababu ya dari yake."

Alimwacha amesimama pale, ameigeukia nyumba, mabega yameshuka. Garini Mwalimu Honor aliongeza joto la hita, akatia gia, wakaondoka.

Wiki ile simu haikulia. Dervla aliishika mara nyingi akaiweka chini mara nyingi. Kazini alihesabu vidonge mara mbili mbili kwa kutojiamini, na kila mlango wa duka ulipofunguliwa alijua kabla hajainua kichwa kwamba si yeye.

Jumapili saa tisa alasiri ukumbi wa parokia ulijaa kuliko walivyotarajia. Madiwani wawili walikaa mbele. Mwalimu Honor alimuuliza kama angependa kupumzika, aseme yeye. Dervla akakataa. Kama alikuwa amempoteza Fintan kwa sababu ya maneno yale, ilikuwa lazima ayaseme.

Hakusema habari za barafu wala bahari. Alisema kuna nyumba alikaribishwa chai, na ndani ya nyumba ile kuna mama ambaye hajawahi kunusa kichwa cha mjukuu wake. Alisema kinamasi lazima kirudishiwe maji, na aliamini hivyo kwa moyo wote, lakini anayeomba jambo hilo bila kuwatazama watu wa nyumba ile usoni hajaomba kitu. Ndipo akamwona. Mama Kilduff alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, amevaa koti la kwendea kanisani, mkoba ameushika kwa mikono yote miwili. Dervla alimaliza maneno yake bila kujua alivyoyamaliza. Watu walipiga makofi, wengine hawakupiga.

Ukumbi ulipopungua, Mama Kilduff alisogea.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema.

"Ni mimi, mama. Nisamehe. Nilipaswa kukuambia palepale mezani."

"Ulipaswa. Yeye alipaswa zaidi." Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti haikutetemeka. "Jumatano aliniambia yote. Alilia mezani kama mtoto. Juzi Ijumaa ameondoka."

"Ameondoka kwenda wapi?"

"Kwa kaka yake."

Dervla alishika mgongo wa kiti.

"Viza alikuwa nayo tangu mwaka jana, Cathal alimshawishi. Hakuwahi kuniambia, na wewe naona hakukuambia. Alisema hawezi kunitazama na hawezi kukutazama, kwa hiyo afadhali aende mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu. Mwaka mmoja, alisema." Alimeza mate. "Na mwenzake alisema mwaka mmoja."

"Aliacha neno kwangu?"

"Alisema usimsubiri."

"Kwa nini hakuniambia mwenyewe?"

"Kwa sababu ni mwoga. Ni mwanangu, nimemzaa, nitampenda mpaka nizikwe, lakini ni mwoga."

Mwalimu Honor, aliyekuwa akikunja viti, aliacha, akawageuzia mgongo, akajifanya anatafuta kitu sandukuni.

"Umekujaje, mama?" Dervla aliuliza hatimaye.

"Kwa miguu."

"Ni zaidi ya kilomita tano!"

"Aliyekuwa akiniendesha amepanda ndege."

Dervla alimwomba Mwalimu funguo. Akampandisha Mama Kilduff garini. Walipita kinamasi, kikubwa, cheusi, kimenyamaza chini ya mawingu, na kila mmoja alikitazama kwa macho yake. Kwenye lango la nyumba Dervla alisimamisha gari. Mama Kilduff alifungua mkanda, lakini mlango hakuufungua.

"Mama," alisema Dervla, "nikuulize jambo moja. Kama angenileta. Siku ya kwanza, na karatasi zangu zote. Ungenipokea?"

Mama Kilduff alifikiri, kwa haki, kama mtu aliyeulizwa mbele ya hakimu.

"Ningekukasirikia sana. Ningegombana nawe kila Jumapili mezani, mwaka mzima, labda miwili. Ningekuambia maneno mabaya, nawe unavyoonekana ungenijibu." Akageuka, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu wapande gari. "Halafu ningecheza kwenye harusi yenu mpaka viatu vinivuke."

Dervla aliweka paji la uso juu ya usukani, machozi yakamtoka bila sauti. Kilichomuumiza ni kwamba aliamini kila neno. Hapakuwa na ukuta wowote. Palikuwa na mlango tu, na mwanamume aliyeogopa kuusukuma.

Aliposikia hakuna kitu kinachosogea pembeni yake, aliinua kichwa. Mama Kilduff alikuwa bado amekaa, mkoba magotini, anaitazama nyumba yake. Bomba la moshi halikutoa moshi.

"Naogopa kuingia," alisema yule mama polepole. "Hakuna mtu ndani."

Dervla alizima injini. Wakakaa hapo, mmoja amegeukia dirisha lake na mwingine lake, wakimlilia mtu yuleyule, na hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze.